Kopo Halina Kilo

Mhadhara kwa akina mama wa soko, wapishi, wauguzi na walimu wa Ngungu, Masisi



Swali mnaloniuliza ni lilelile ninaloulizwa Karuba, Minova na Goma: mironko moja, kopo letu la kupimia sokoni, ni kilo ngapi? Kila anayeuliza anataka namba moja aende nayo nyumbani. Namba hiyo sina, na mtu atakayewapa namba moja msimwachie duka lenu. Mironko ya maharagi ina uzito wake. Ya unga wa muhogo ina wake, na ya chumvi ina wake kabisa. Hata mironko mbili za maharagi ya gunia moja, zikijazwa na watu wawili, haziendi sawa. Kopo lina nafasi tu. Kilo ni ya kile mlichotia, na ya mkono uliokitia.

Pande hizi na kule Rwanda, mironko ya maharagi huhesabiwa kuwa kilo moja na nusu hivi. Hiyo "hivi" ndiyo imenileta. Chukueni mama anayeuza mironko 60 kwa wiki. Kila moja ikizidi gramu 100 tu, wiki ikiisha kilo sita zimetoka mezani pake bila kuandikwa popote. Ikipungua gramu 100, kilo sita zimetoka kwenye vyungu vya wateja wake. Katika hali zote mbili hakuna aliyeiba, na pengine hakuna aliyejua.

Tuanze na maji, maana maji ndiyo yaliyotuzoesha vibaya.

Lita na kilo zilizaliwa nyumba moja. Mwaka 1789 wakulima wa Ufaransa walipoandika malalamiko yao kwa mfalme, mengi yalihusu vipimo vya nafaka: kila bwana wa ardhi alikuwa na pipa lake, na pipa la kupokelea kodi lilijua kunenepa. Mapinduzi yakaja, na mwaka 1795 ikatoka sheria ya vipimo vipya. Gramu ikawa uzito wa maji safi yanayojaa mchemraba wa sentimita moja kila upande. Lita ikawa mchemraba wa sentimita kumi kila upande. Ndani ya lita mna michemraba midogo 1,000, basi lita ya maji ikawa kilo. Wabelgiji walifika Kongo na vipimo hivyo, shule zikavifundisha, na sisi tukatoka darasani tukiamini kwamba lita ni kilo, basi.

Ni kweli kwa maji. Kwa maziwa ya ng'ombe wa milima hii ni karibu kweli, maana lita yake ina gramu 1,030 hivi. Kwa mawese si kweli tena: mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Lita ya mawese ina gramu 900 na kitu. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, ikijaa mawese ina kilo 18 na kidogo, mbali na uzito wa bidoni yenyewe. Anayenunua kwa lita akauza kwa kilo, akidhani ni kitu kimoja, atashangaa kilo mbili zimeingia wapi. Asali ni kinyume. Lita yake hukaribia gramu 1,400, kwa hiyo chupa ya nusu lita ina gramu 700, na mrina asali anayeiuza kwa bei ya nusu kilo anajipunja mwenyewe.

Vitu vikavu vina shauri lingine, kwa sababu ndani ya kopo mna chakula na mna hewa. Lita moja ya maharagi makavu, ikiwa imesawazishwa juu, ina gramu 750 hadi 800. Mchele hufika 800 na kupita. Mahindi yaliyopukuchuliwa ni 720 hivi, sukari 850, unga wa ngano 500 hadi 600 kwa kutegemea umeutiaje. Chumvi laini ni 1,200. Maana yake, kopo lilelile likijaa chumvi lina uzito maradufu ya likijaa unga.

Kwa hiyo kopo la maziwa ya unga lililoandikwa gramu 400 ubavuni halina gramu 400 za maharagi. Namba ile ilikuwa ya maziwa, na maziwa yamekwisha kunywewa. Maziwa ya unga ni mepesi, yana hewa nyingi. Likijazwa maharagi kopo hilo litazidi nusu kilo. Nimeona mama mzima, mwenye akili na biashara yake, akiuza kwa namba ya kiwandani miaka na miaka.

Wamarekani, wenye mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, walikutana na tatizo hilihili. Kipimo chao cha kale cha nafaka, bushel, ni pipa la lita 35 na kidogo. Walipoona pipa moja linatoa uzito tofauti kwa kila zao, wakaandika uzito wa kila kimoja: bushel ya ngano ni pauni 60, ya mahindi pauni 56, ya shayiri ya farasi ile wanayoiita oats pauni 32. Jina la pipa limebaki, lakini ghalani kinachosema ni mizani. Angalieni vizuri walichofanya. Hawakutafuta namba moja ya pipa. Walikubali kila zao liwe na namba yake.

Waislamu wa Goma, kama wenzao wa Unguja na Mombasa, wanafanya hesabu hiyo kila mwisho wa Ramadhani. Zaka ya Fitri iliamriwa kwa ujazo, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, yaani vibaba vinne. Leo chakula kinauzwa kwa kilo, basi masheikh wamelazimika kusema pishi ni kilo ngapi. Mara nyingi utasikia kilo mbili na nusu, na wengine husema karibu tatu. Watu hudhani masheikh hawaelewani. Mimi naona wanaelewana sana: pishi ya mchele na pishi ya tende haziwezi kuwa na uzito mmoja, na anayesema tatu ameamua kukosea kwa upande wa maskini.

Watu wa Pwani wametuachia pia maneno mawili ninayotaka tuyatumie asubuhi hii yote. Kibaba kilichosawazishwa kwa ubao ni kibaba cha mfuto. Kilichojazwa mpaka kikafanya kilima juu ya mdomo ni kibaba cha tele. Ugomvi wote wa soko letu uko kati ya mfuto na tele.

Mnajua jinsi inavyokuwa. Mteja anachuchumaa, anatazama. Mama anachota maharagi, anajaza, anatia mkono wa pili, punje zinaanza kuteleza pembeni. Mteja anasema ongeza, mama, ongeza. Anaongezewa konzi moja, punje tatu zinaangukia kwenye gunia, na zile zilizobaki juu ndizo anazoziita matabishi. Wote wawili wamefurahi. Hakuna kati yao anayejua kilima kile kina gramu ngapi.

Tukihesabu tutajua. Maharagi yaliyomwagwa hujipanga kwa mteremko wake mwenyewe: kila ukienda sentimita mbili kuelekea pembeni, kilima kinashuka sentimita moja na kidogo. Kopo la lita moja lenye mdomo wa sentimita 10 litabeba kilima cha mililita 75 hivi, yaani kama gramu 60 za maharagi. Sasa chukueni beseni lenye mdomo wa sentimita 30. Mdomo umepanuka mara tatu, na mtu atasema kilima nacho ni mara tatu. La. Kilima kimepanuka kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, mara tatu kila upande, na tatu mara tatu mara tatu ni 27. Kilima cha beseni hilo ni lita mbili, zaidi ya kilo moja na nusu ya maharagi. Kilima peke yake ni mironko nzima!

Ndiyo maana mnunuzi anayekuja na lori kutoka mjini akiwa na beseni lake pana, akisema "mimi nanunua beseni kwa bei nzuri", msikimbilie bei. Tazameni mdomo wa beseni. Halafu tazameni kama ananunua tele na kuuza mfuto. Mwanahistoria wa Poland, Witold Kula, katika kitabu chake juu ya vipimo na watu kilichotoka mwaka 1970, alionyesha jinsi mabwana wa Ulaya walivyofanya mchezo huo kwa karne nyingi. Walipanua mdomo wa pipa na kupunguza kimo chake, ujazo wa mfuto ukabaki uleule mbele ya sheria, kilima kikakua. Walibishana hata juu ya kimo cha kumwagia nafaka, kwa sababu inayomwagwa kutoka begani hushindiliana kuliko inayomwagwa kutoka kiunoni, na pipa lilelile likameza zaidi. Kutikisa kopo na kuligonga chini hufanya kazi hiyohiyo. Mteja anayesema "tikisa kwanza, mama" anajua fizikia.

Kilima hakiishii kwenye makopo. Kenya waliona magunia ya viazi yakishonewa kofia ya kamba juu mpaka kupita kilo 100, na mkulima analipwa "gunia moja". Wakaweka sheria kwamba viazi viuzwe kwa gunia lisilozidi kilo 50. Tanzania gunia la namna hiyo linaitwa lumbesa, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukilipiga vita miaka mingi. Haijaisha huko kote, maana mnunuzi mwenye lori ana nguvu kuliko mkulima mwenye viazi vinavyoanza kuchipua. Ngungu ni nchi ya viazi na njia yetu mnaijua. Lori lililofika juu hapa baada ya matope yale linajua kwamba hatuna lingine la kungoja. Namba peke yake haiwezi kumshusha mwenye lori, lakini mkulima anayejua gunia lake lina kilo 130 walau anajua anachopoteza, na anaweza kulitaja jambo kwa jina lake mbele ya wenzake.

Twende jikoni, kwa haraka, maana wapishi wananiangalia.

Vijana wanapata mapishi kwenye simu: vikombe vitatu vya unga, kikombe kimoja cha maziwa, kijiko kimoja cha chumvi. Vikombe hivyo ni vya Marekani. Mwaka 1896 mwalimu wa upishi wa Boston, Fannie Farmer, alitoa kitabu chake na kusisitiza kwamba kikombe na kijiko visawazishwe kwa kisu, mfuto mtupu. Alifanya jambo jema kwa wapishi waliozoea kusoma "unga wa kutosha". Kikombe chake kina mililita 237. Kikombe chenu cha chai pengine kina 300, pengine 200, na mama mkwe ana kingine.

Ukitumia kikombe kimoja kwa vitu vyote, hesabu inajirekebisha yenyewe, mandazi yanakuwa mengi au machache tu. Kinachoharibu ni vitu vinavyohesabiwa: yai halikui kwa sababu kikombe chako ni kikubwa, na pakiti ya hamira imefungwa kiwandani.

Na unga nao una vituko. Unga uliochekechwa na kumiminwa polepole kwenye kikombe cha Fannie Farmer ni gramu 120. Kikombe hichohicho kikizamishwa ndani ya mfuko na kusawazishwa kinatoka na 150. Kwa vikombe vitatu ni gramu 360 au 450. Tia maji gramu 225. Katika unga wa kwanza kila gramu 100 zimepata maji 62 na nusu. Katika wa pili zimepata 50. Kinyunga cha kwanza kinavutika na kunata kidogo mkononi, cha pili kinakataa kusukumwa, na mpishi analaumu hamira. Waoka mikate hawaingii katika mambo haya. Wao huhesabu kila kitu kwa uzito dhidi ya unga: kilo ya unga, gramu 600 za maji, 20 za chumvi, 10 za hamira kavu, na leo mkate uko kama jana. Mpishi wa sombe hahitaji hayo, na mimi siwezi kumwambia mama apime sombe kwa gramu. Ulimi wake unatosha. Mizani ni ya vitu ambavyo ukishaviweka motoni huwezi kuviongeza tena.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kuna kikombe kimoja ambacho kosa lake haliishii kwenye mandazi magumu.

Wauguzi wanajua maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Pakiti za kituo cha afya, tangu fomula mpya ya mwaka 2002, zina gramu 20.5 za kuchanganywa na lita moja ya maji salama: gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, na chumvi nyingine mbili. Pakiti ikiwapo, tumieni pakiti. Isipokuwapo, nyumbani tunafundishwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kwa lita moja. Vyote mfuto. Nusu kijiko cha chumvi, kijiko cha mililita 5, ni gramu 3 hivi. Fanya kilima juu yake, au chukua kijiko cha kulia badala ya cha chai, na chumvi imekuwa maradufu au zaidi. Chumvi nyingi namna hiyo humdhuru mtoto ambaye mwili wake umekauka tayari. Tofauti ya mfuto na tele, ambayo sokoni ni matabishi, hapa ni hatari.

Mwaka 1971, vita vilipowafukuza mamilioni ya watu kutoka Bangladesh kwenda India, kipindupindu kiliingia kambini Bongaon. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mishipa. Yeye na wenzake wakapima kwa mizani gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi ya kuokea kwa kila lita, wakazifunga katika mifuko ya plastiki, na ndugu wa wagonjwa wakanywesha kwa vikombe. Vifo vikashuka sana. Mizani ilikuwa mjini Kolkata, kambini haikuhitajika. Sisi tulioona au kusimuliwa kipindupindu cha Goma cha Julai 1994 hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Lakini sehemu ya pili ya habari hiyo ndiyo ninayoipenda. Bangladesh ilipokuwa huru, shirika la BRAC, ambalo siku hizi liko pia Uganda na Tanzania, liliamua kufundisha akina mama nyumba kwa nyumba, kati ya 1980 na 1990, zaidi ya nyumba milioni 12. Nyumba hizo hazikuwa na mizani, na nyingi hazikuwa na kijiko cha kipimo kinachojulikana. Wakatumia mkono: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru ya kuchota kwa vidole vinne, nusu lita ya maji. Kabla ya kutembeza fundisho walipima mibano hiyo, na baadaye walichukua maji yaliyochanganywa na akina mama na kuyapeleka maabara kuona chumvi ni kiasi gani. Malipo ya mwalimu yalifuata jinsi akina mama walivyokumbuka. Mkono uliopimwa mara moja kwenye mizani ukawa kipimo.

Ndilo jambo langu la leo, nalo ni hilo tu: kipimo chochote, kopo, kijiko au vidole, kinafaa kikishafikishwa mbele ya mizani, kwa kitu kilekile kitakachopimwa, kwa namna ileile kitakavyojazwa.

Ugawaji wa chakula unafuata hesabu hiyo, au ungepaswa kuifuata. Miaka hii watu wamehama na kurudi katika milima hii mara nyingi, na wengi mmewahi kupanga mstari wa PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Mgao unaotajwa sana kwa mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za nafaka au unga, 60 za kunde, 25 za mafuta na 5 za chumvi; ukiongezwa unga wa lishe na sukari kidogo unakaribia kilokalori 2,100. Mara nyingi hupunguzwa, lakini hesabu haibadiliki. Nyumba ya watu watano kwa siku 30 inastahili kilo 60 za unga. Mfuko unafunguliwa, mtu mwenye kopo anachota. Kopo hilo hupimwa kwanza kwa chakula cha siku hiyo, na huwekewa alama au hukatwa mpaka linapofikia uzito unaotakiwa. Mchotaji aliyechoka saa nane mchana akipunguza asilimia 5 tu, nyumba hiyo imepoteza kilo tatu, chakula cha siku moja na nusu kwa wote watano. Na mwezi ujao zikija dengu za kupasuliwa badala ya maharagi, alama ya mwezi uliopita haina kazi. Kama mko katika kamati ya ugawaji, swali la kuuliza asubuhi ni hili: kopo hili limepimwa kwa chakula gani, na lini?

Mtaniuliza kama nawaambia mtupe makopo mnunue mizani. Hapana. Kopo lina sifa ambayo mizani haina: mnunuzi na muuzaji wote wanaliona, na asiyejua kusoma anajua limejaa au halijajaa. Mizani ya kuning'iniza, springi yake ikichoka, huvutika zaidi na kuonyesha kilo ambazo hazimo, na mshale unamtazama muuzaji. Kopo lililokunjwa chini kwa nyundo, walau utaligusa.

Tena mizani hupima maji bila kusema. Maharagi yanayotoka shambani wakati wa mvua yana maji mengi. Kilo 100 zenye maji asilimia 20 zina kilo 80 za maharagi yenyewe. Zikikaushwa mpaka asilimia 13, ambayo ndiyo ya kuwekea ghalani bila ukungu, zinabaki kilo 92. Aliyenunua maharagi mabichi-mabichi kwa kilo amenunua kilo nane za mvua ya Masisi kwa bei ya maharagi. Hapo jino ni mzani bora: punje iliyokauka inavunjika, mbichi inaingia jino. Chumvi na unga navyo hunywa unyevu wa ukungu wetu wa asubuhi, ila kwa kiasi kidogo.

Sasa kazi. Fimbo hii ya mwanzi nimeifunga kamba katikati na kuitundika kwenye boriti. Kila ncha ina ndoo ndogo, mbili zinazofanana, na nimetia kijiwe upande mwepesi mpaka fimbo ikalala sawa. Ndoo ya kushoto itapokea maharagi. Ya kulia itapokea maji, na maji tunayatia kwa bomba la sindano la mililita 50 kutoka kituo cha afya, lisilo na sindano. Kila mililita ya maji ni gramu moja. Kwa maji, lita na kilo bado ni ndugu, na hapo ndipo udugu huo unatufaa. Tazameni: kopo la lita moja, maharagi, mfuto, yamekwenda kushoto. Kulia tumetia bomba 15, fimbo bado inainamia maharagi. Bomba la 16 tunalitia polepole. Nusu yake, fimbo imelala. Bomba 15 na nusu ni mililita 775, basi maharagi ni gramu 775.

Msiandike bado. Tunajaza tena, mara tatu, na mara ya tatu anajaza mtu mwingine, kwa sababu mkono wa mtu mmoja una mazoea yake. Namba tatu zikikaribiana, chukueni ya katikati. Zikiachana sana, kosa liko kwenye kujaza. Amueni kwanza kama mnatikisa au hamtikisi. Kisha kwa ncha ya msumari andikeni ubavuni: MAHARAGI 775, MFUTO. Chini yake acheni nafasi ya mchele, ya mahindi, ya unga. Kopo likibonyea, namba zinafutwa na kupimwa upya. Anayetaka kuuza tele auze tele, ni soko lake, lakini apime na tele yake, aandike namba ya pili.

Walioleta makopo na mironko wapange mstari upande wa dirisha. Wauguzi watatu wenye mabomba waje mbele. Maji yako kwenye bidoni mlangoni, na kijana mmoja awe anaandika ubaoni ili namba za wote zionekane. Tuanze na maharagi na mahindi. Unga tutaupima mwisho, upepo huu ukishatulia.